Ufa wa Chumba cha Nyuma

14 Januari

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo, ingawa najua utanuna kwa kuwa inakuzeesha. Huku sote tu wazima. Mke mwenzio anakusalimu mno. Wiki hii mwanafunzi wake mmoja wa udereva aliingiza gari kwenye duka la viatu. Hakuna aliyeumia, ila yeye amerudi nyumbani sauti imemkauka kwa kupiga kelele za breki, breki. Mimi bado niko kiwandani, kwenye tanuri lile lile la mikate, na narudi nanukia mpaka mbwa wa jirani wananisindikiza. Mguu unaendeleaje? Na masikio? Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia nimepandishwa cheo, ukanijibu pole sana kwa choo. Tubaki na barua.

Sasa kaa chini. Kama umeshakaa, shika kiti. Tunanunua nyumba.

Ndiyo, nyumba. Ya kwetu. Sijui kama katika ukoo huu kuna mtu aliyewahi kulala chini ya paa lisilokuwa na kodi. Iko mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya karakana ya magurudumu. Ina sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala, na kingine cha nyuma kimejitenga kidogo, kina mlango wake na dirisha linalotazama mawio. Nilipokiona tu nikasema hiki cha Bibi. Mke mwenzio akasema hata yeye alikuwa anataka kusema hivyo, nimemwahi.

Anayeuza ni mama mmoja muuguzi mstaafu, anahamia kwa mwanawe. Dalali tumempa jina la Bwana Haraka, maana kila tukifungua kabati anatazama saa. Anasema kuna wanunuzi wengine wanaikodolea macho.

Mwenzangu mmoja kazini ananiambia nisitie saini kabla mkaguzi wa majengo hajaipitia nyumba nzima. Bwana Haraka anasema ya nini kutupa hela, nyumba imepakwa rangi mwezi uliopita, inang'aa. Nami nimeitazama kwa macho yangu mwenyewe na sikuona kasoro. Wewe unaonaje?

Na la pili, ambalo kwangu ndilo la kwanza: chumba cha nyuma utakuja kukilalia lini?

Mume wako, mjukuu wako

*

2 Februari

Mume wangu,

Marahaba, na shikamoo yako nimeiweka kabatini pamoja na ile simu. Barua nimeisoma na kuirudia mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaniuliza kama nimeletewa posa. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu, na mume wangu ananunua nyumba. Tangu siku hiyo ananisalimia akiwa amesimama.

Mguu upo. Sikio la kushoto limestaafu, la kulia linafanya kibarua. Mke mwenzangu mwambie nampa pole, na nasikia fahari kwamba katika nyumba hiyo kuna angalau mtu mmoja anayejua kufunga breki.

Maana wewe hujui. Unaniandikia eti umeitazama kwa macho yako. Macho yako hayo ndiyo yaliyokununulia viatu viwili vya mguu wa kushoto siku ya mshahara wa kwanza. Mimi sijanunua hata banda la kuku, lakini kupanga nimepanga. Kabla hatujatulia hapa nilihama na godoro kichwani mpaka likachoka kabla yangu. Kila nyumba ilinionyesha uzuri wake kabla sijalipa, na ubaya wake nikishalipa. Kulikuwa na moja yenye ukuta wa samawati, mzuri ungedhani mbingu. Mvua zikaanza, mbingu ikaota ukungu. Kwa hiyo nikisikia nyumba imepakwa rangi mwezi uliopita, nataka kujua mwezi wa kabla yake ilikuwaje.

Mlipe huyo mkaguzi. Ukishamlipa usibaki nje kupiga soga na dalali, mfuate. Akiinama, inama. Akipanda, panda, kama ngazi itakubali hicho kitambi cha mikate. Muulize mapema atatazama nini na nini hatakitazama, maana wapo wanaogonga mlango wakaita hiyo kazi. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone kama maji yana nguvu au yanalia. Vuta choo bomba likiwa wazi. Washa kila taa. Ingiza pua kwenye makabati, unyevu una harufu hata ukipuliziwa marashi. Halafu zungumza na huyo mama muuguzi mwenyewe, bila dalali katikati. Aliyelala ndani ya nyumba anayajua maradhi yake. Na mwisho wa yote mwambie mkaguzi aweke vitabu vyake pembeni akuambie kwa lugha ya watu: lipi litatuua, lipi litatufilisi, na lipi linaweza kungoja.

Hapa paa linavuja pale pale. Mwenye nyumba amejenga jengo jingine mtaa wa pili, jipya, kavu, na alitaka kunihamishia huko kwa kodi ile ile. Nimemwambia aendelee na mambo yake.

Karatasi imenifikia ukingoni. Hilo la pili nitalijibu nikipata karatasi pana zaidi.

Mke wako asiye na meno

*

27 Februari

Bibi,

Natumai barua hii inakukuta umekaa karibu na dirisha na miwani yako haijapotelea kichwani. Sisi tu wazima, ila mimi nimechubuka goti na mke mwenzio ana utando wa buibui kwenye nywele mpaka leo. Nitakueleza.

Mkaguzi alikuja Jumamosi. Ni mwanamke, mhandisi, mrefu, ovaroli ya buluu, ngazi ya kukunja begani. Ana tabia ya kuzungumza na nyumba. Alisimama mlangoni akasema, "Haya mama, fungua mdomo nikutazame." Nikamuuliza kama ulivyonituma, atatazama nini. Akasema paa, mbao, kuta, msingi, maji, umeme na mifereji, lakini ndani ya ukuta haoni na chini ya sakafu haoni, hapo atakisia kwa dalili kama daktari. Akauliza kama tutangoja nje. Nikasema Bibi yangu amekataza. Akacheka, akanipa tochi nishike.

Nilipanda mpaka darini. Huko ndiko goti lilikobaki. Mbao nyingi ni nzima, akizigonga zinaitika. Za upande wa nyuma chache zimeliwa na mchwa, zinatoa sauti ya debe. Chini mke mwenzio alikuwa amefungua kila bomba na kuvuta choo, na Bwana Haraka ametazama saa yake mpaka nikadhani ataifuta namba. Maji yako sawa. Sanduku la meta ya umeme siyo: nyaya zimeungua pembeni. Mkaguzi akaniita nitie pua. "Unasikia harufu hiyo? Hili lisingoje. Kabla hamjaingiza hata kitanda, fundi umeme alibadilishe."

Sebuleni nikamwonyesha nyufa ambazo mimi sikuziona siku ya kwanza. Akazipitishia ukucha. "Hizi nyembamba kama unywele ni lipu tu imekauka. Zisikunyime usingizi."

Tukaenda chumba cha nyuma. Ana kidude anachokibandika ukutani, kikikuta unyevu kinalia. Nyumba nzima kilikuwa kimenyamaza. Humo, Bibi, kililia mlangoni kikalia mpaka dirishani. Akatazama kabati kubwa lililosimama peke yake ukutani, akauliza kuna nini nyuma yake.

"Ukuta," akasema Bwana Haraka.

Mke mwenzio akamwambia, "Shika huko tusogeze."

"Kabati hili ni zito, dada."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Nyuma yake kulikuwa na ufa. Umetoka kwenye kona ya dirisha ukateremka ngazi kwa ngazi, ukifuata matofali, mpaka sakafuni. Kidole changu kiliingia. Mkaguzi akatoka nje na sepeto akachimba kidogo kando ya ukuta. Akaniita nitazame. Msingi wa chumba hicho ni kina cha kiganja, na umekaa juu ya udongo ambao bomba la bafuni limekuwa likiulowesha kwa miaka. Nyumba ina msingi wake. Chumba kiliongezwa baadaye, nacho kinazama peke yake.

Nikamfuata mama muuguzi. Alikuwa amekaa jikoni anafunga vikombe kwenye magazeti. Nikamuuliza nani alijenga kile chumba.

"Marehemu mume wangu," akasema. "Likizo baada ya likizo. Hakutaka fundi. Alikuwa anafurahi sana akichanganya saruji, sikuwa na moyo wa kumwambia kitu."

"Na ufa, mama? Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza mwanangu. Na kabati ni shauri la dalali."

Hakuona haya, na wala sikuweza kumkasirikia. Alikuwa amekishika kikombe kimoja muda wote huo bila kukifunga.

Nikamuuliza mkaguzi yale maswali yako. Kinachoweza kutuua ni umeme. Kinachoweza kutufilisi ni chumba cha nyuma. Mchwa na mengine madogo yanaweza kungoja mwaka. "Nyumba ni nzuri," akasema, "ila hiki chumba usikihesabu. Kibomoe. Ukikitaka, kijenge upya juu ya msingi wa kweli, na urekebishe bomba kwanza. Usimruhusu mtu kulala humo." Ametuandikia ripoti, tumeisoma mpaka mwisho, tukampigia simu kila tulipokwama. Mama muuguzi amekubali kushusha bei kwa ajili ya umeme na hicho chumba.

Sasa unaona nilipo. Chumba chako ndicho kibovu. Ukija, itabidi nibomoe nijenge, au niiache hii nitafute nyingine yenye chumba kizima. Usipokuja, nanunua, nabomoa, napanda mboga. Hayo yote mawili nayaweza. Nisichokiweza ni kuchagua bila wewe. Tuna mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Na jambo jingine. Nilipokuwa darini nilikumbuka chumba chako, ndoo katikati ya sakafu, mlango unaovimba mvua zikinyesha mpaka tuusukume kwa bega. Mkaguzi angeingia humo angetoka mbio. Wewe unayejua nyumba kiasi hiki, kwa nini unakaa pale?

Mumeo mwenye goti bovu kuliko lako

*

25 Machi

Mume wangu,

Barua yako imefika siku nyingi. Kalamu ndiyo iliyokuwa inanisumbua. Mke mwenzangu anaendeleaje na wanafunzi wake? Binti wa fundi viatu amejifungua, mtoto ana masikio makubwa, nimewaambia watamhitaji uzeeni.

Umefanya vizuri kumfuata yule mhandisi. Mkimaliza kubadilisha huo umeme, mwite tena aone kazi kabla hujatoa malipo ya mwisho. Fundi hutengeneza vizuri zaidi akijua kuna mtu wa kuja kutazama. Mama muuguzi msimsumbue. Mtu anayefunga vikombe vya nyumba aliyozeekea ana kazi ya kumtosha.

Nunueni. Nyumba yenye paa zima na maji yenye nguvu msiiache kwa sababu ya chumba kimoja. Mboga ni kitu kizuri.

Kuhusu kuja, mimi nimezoea hapa.

Bibi yako

*

6 Aprili

Bibi,

Salamu kutoka nyumbani kwetu. Nimeliandika neno hilo polepole. Tumetia saini. Umeme umebadilishwa, mkaguzi amerudi akatazama, akafunga kisanduku kwa mkono wake, ndipo tukamaliza malipo. Mke mwenzio alifungua mabomba yote tena, safari hii kwa furaha tu, akasimama katikati ya jiko akisikiliza. Mama muuguzi alitukabidhi funguo, akaenda kusimama kidogo chumba cha nyuma, akatoka, akapanda gari la mwanawe bila kuaga. Baadaye alipiga simu kuomba radhi. Nilimwambia hakuna haja.

Nilipaswa kuwa na furaha, na ninayo, lakini imekaa upande mmoja.

Umezoea. Umezoea ndoo? Umezoea kulala na mwavuli karibu na mto? Umekataa jengo jipya mtaa wa pili, umbali wa kumaliza kutafuna karanga za mkononi. Nimekaa na neno lako hilo kama mtu aliyepewa funguo za mlango asioujua.

Bibi, mimi na wewe tunataniana kila kitu. Tumewatania wafu na mapadri na mashehe na mwenye nyumba. Kuna mtu mmoja tu ambaye hatujawahi kumtania, kwa sababu hatumtaji kabisa. Nimefikiria sana kabla ya kuandika hili. Je, ni kwa ajili yake?

Kama ndiyo, niambie. Kama siyo, niambie pia, sitauliza tena.

Chumba nimekibomoa. Kuta zilianguka kirahisi mno, kama zilikuwa zinangoja ruhusa. Sasa nasimama mlango wa jikoni jioni, natazama shimo. Sijui nichimbe msingi au nipande mboga.

Mjukuu wako

*

19 Juni

Mjukuu wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Najua umetuma salamu kwa dereva wa basi, na najua mke mwenzangu aliniandikia kadi. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naandika na kuchana. Fundi viatu amewashia moto wa chai barua zote nilizokuandikia nikazichana.

Ni kwa ajili yake.

Ulikuwa mdogo, una mafua. Mama yako alikuwa amepata kazi ya hoteli, mbali, na alisema akipata chumba atarudi kukuchukua. Alivaa gauni la njano, na begi la kuazima mkononi. Hakukubusu kwa sababu ya mafua, alikufuta pua akakuweka mgongoni kwangu. Nilisimama nje ya mlango. Akatembea mpaka kwenye kona, pale penye mashine ya kusaga, akageuka. Unajua jinsi tulivyokuwa tunahama hama, mwaka huu hapa, mwaka ujao kule. Akaniita kwa sauti, watu wote wakasikia: "Mama, hamtahama?"

Nikamjibu, "Hatuhami!"

Akapunga mkono, akakata kona.

Barua zilikuja, za kwanza ndefu, kisha fupi, kisha hazikuja. Niliandika kwenye hoteli hiyo, bahasha ikarudi. Nilimtuma mtu, akaambiwa aliondoka siku nyingi, hakuna aliyejua kwenda wapi. Kama yu hai ana mvi sasa. Kama hayupo, hakuna aliyeniambia, na mimi siwezi kumzika mtu kwa kukisia.

Basi sikuhama. Paa lilipoanza kuvuja, sikuhama. Mwenye nyumba alipotaka kuupaka mlango rangi nyingine nilimfukuza na brashi yake, nikasema utabaki kijani, ili mtu akija asidhani amekosea. Mtaa wa pili ni karibu, ndiyo, lakini mtu aliyechoka na safari akigonga mlango akafunguliwa na mgeni, anaweza asiulize. Anaweza kuona haya akageuka. Namjua, ni mtu wa haya.

Wewe ulikuwa unauliza. Kila ukisikia basi unauliza. Kisha siku moja ukaacha, nami sikutaka kulichokonoa. Nilidhani umesahau. Nilikuonea wivu.

Ndiyo maana sijui kukujibu. Usiku na mchana nakiwaza hicho chumba chenye mawio. Natamani kukaa jikoni kwenu nimsikie mke mwenzangu akikugombeza. Natamani mpaka mate yananijaa kinywani, kama mtu mwenye njaa. Lakini nilimwambia hatuhami.

Panda mboga, baba.

Bibi yako

*

10 Julai

Bibi yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama kiwandani, unga mikononi, na sasa ina alama za vidole vyangu kila ukurasa. Mke mwenzio naye ameisoma. Alitoka akaenda kukaa ndani ya gari la kufundishia, peke yake, injini imezimwa. Aliporudi alisema, "Mwandikie leo."

Sijasahau. Naukumbuka mkono wa mama ukinifuta pua. Uso wake sina, sauti yake sina, nina huo mkono tu, na harufu ya sabuni. Niliacha kuuliza kwa sababu niliona kila nikiuliza unakwenda kusimama mlangoni. Nikasema nikinyamaza utakaa ndani, utakula.

Nami namngoja, Bibi. Mbele ya kiwanda chetu kuna duka, na kuna kidirisha tunachopitishia trei. Akiingia mwanamke wa umri wake naweka trei chini, namtazama mpaka aongee. Mikate imewahi kuungua kwa ajili hiyo, na msimamizi anadhani mimi ni mpenda wanawake wazee. Mwambie fundi viatu, atacheka.

Kwa hiyo sitakuambia uache kungoja. Ningekuwa mwongo. Nakuomba tungoje pamoja.

Mboga sijapanda. Nimechimba. Bomba la bafuni tumelihamisha, msingi umefika kiunoni kwangu, na kabla ya kumwaga zege nilimwita yule mhandisi aje atazame shimo. Aliingia na viatu vyake, akarukaruka, akasema hapa hata tembo alale. Kuta zinapanda. Wiki iliyopita fundi aliniuliza dirisha nalitaka likae wapi, inategemea chumba ni cha kitanda kimoja au viwili. Sikuwa nimeliwaza. Nikasikia mdomo wangu unasema, viwili.

Waachie watu anwani yetu. Fundi viatu, mwenye nyumba, wa mashine ya kusaga, dereva wa basi. Mtu wa haya hatalazimika kugonga mlango wowote. Ataambiwa barabarani, kabla hajafika.

Na kama ukiona huwezi, kaa. Nitakuja mimi kila likizo, nitaziba hilo paa, na chumba kitakuwepo. Sikusukumi.

Mume wako

*

3 Septemba

Mume wangu,

Sisi huku wazima, na mvua zimekawia.

Barua yako nilikaa nayo kitandani siku kadhaa. Kisha asubuhi moja nikavaa viatu vyangu vya kutokea, nikachukua begi, nikamwambia fundi viatu asimame mlangoni kwangu, asiulize. Akasimama, na nyundo mkononi. Mimi nikatembea mpaka kwenye ile kona, nikageuka, nikatazama kama alivyotazama yeye.

Mume wangu, ni mbali kuliko nilivyodhani. Rangi haionekani. Miaka yote hii nimeulinda ule ukijani, nimegombana na watu, na kutoka pale mlango wangu na wa jirani ni kitu kimoja. Nilichokiona ni mtu tu, amesimama, na hata sikumtambua mpaka aliponipungia nyundo. Nikacheka pale pale barabarani. Kisha nikalia kidogo, mwenye mashine akaniletea kiti.

Nilipomweleza, hakungoja nimwombe. Alichukua chaki akaandika anwani yenu kwenye ubao wa mashine, juu ya bei ya kusaga. Nikamwambia chaki inafutika. Akasema ataandika upya kila asubuhi, ni kazi gani. Fundi viatu ameiandika kwa rangi ya mafuta upande wa ndani wa kibanda chake, herufi kubwa, na amekosea jina la mtaa, nimemfanya arudie. Mwenye nyumba ameapa kwamba yeyote atakayekaa humu ataambiwa la kusema. Nimewaambia wote neno la kumwambia akija ni hili: mama yako hajahama, ametangulia, njoo.

Godoro nimempa mama wa yule mtoto wa masikio. Nakuja kwa basi la Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Mniite kwa sauti, upande wa kulia.

Vile vitanda, mwambie mke mwenzangu avitandike vyote viwili.

Bibi yako